Nta ya Nyakahura na Ngozi ya Swabaha

Ngara Mjini,
Kagera.
9 Agosti, 2001

Mpendwa dada yangu Semeni,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum wewe na wote mlioko hapo Pangani. Mguu wako unaendeleaje? Uliniambia unakusumbua ukisimama sana, basi usisimame, hao vijana wako wana mikono, wakuchotee maji. Na shemeji je, kifua kimepungua? Mwambie namwombea dua kila nikimkumbuka, na namkumbuka sana.

Sisi huku tu wazima. Ni kiangazi, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya kabati, na alfajiri kuna baridi ya kuuma masikio. Wifi yako Mwanaisha hajambo. Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa vizuri mwaka huu.

Kabla ya yote nikutoe wasiwasi. Swabaha ni mzima. Ngozi imefunga yote, imebaki alama kwenye muundi wa kushoto, na hiyo nayo inafifia. Anakula, anacheka, na anatutuma kama vile nyumba ni yake. Mtoto wako yuko salama, dada, hilo nasema bila kusitasita.

Sasa kaa chini. Ile barua niliyokuandikia mwezi wa sita nilikudanganya. Nilikuambia kwamba Akimana, yule mama Mrundi anayefanya kazi kwenye saluni yetu, alimpaka mwanao dawa zake za kambini akamuunguza, na ndiyo maana harusi imesogezwa. Wewe ukajibu kwa hasira ya mama, ukasema mwanamke huyo awekwe ndani. Dada, aliyemuunguza Swabaha ni mimi.

Nakueleza ilivyokuwa. Watu wa Haji, mchumba wake, walikuwa waje kutoka Biharamulo kumwona bibi harusi, na tulitaka kumtoa malaika, zile nywele laini za mikononi na miguuni, kama tunavyofanya kwetu, kwa sukari na ndimu, halafu apumzike, halafu hina. Akimana anaiweza kazi hiyo, aliifanya miaka mingi saluni za Bujumbura. Akaniomba sukari. Nikamwambia sukari imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa stoo, nimeifungia, nangojea wachuuzi wa kambini waje wainunue yote kwa pamoja, maana kule bei ni nyingine kabisa. Nikaona nisilifungue gunia kwa ajili ya sufuria moja. Nilikuwa na nta ya nyuki niliyoinunua mnadani Nyakahura, na nilishasikia kwamba saluni za mijini wanatumia nta. Nikasema nta ni nta. Nikampelekea.

Akimana akainusa, akaibonyeza, akanirudia pale kwenye pazia la saluni. Akasema, "Bosi, hii ni ya mishumaa. Ya kutolea malaika inachanganywa na vitu vingine ili iyeyuke kwa moto mdogo. Hii mpaka ilainike itakuwa imeshakuwa moto wa kuunguza, na ikishapoa haiachii ngozi." Akaongeza kwamba hata hivyo siku ile haikufaa, maana asubuhi hiyo hiyo Mwanaisha alikuwa amemsugua binti kwa nguvu singo ya kutakatisha ngozi, ngozi imeshaamka. Akataka tungoje.

Mimi nikaona aibu ya wageni. Nikamwambia, "Kazi yako ni kufanya, siyo kunifundisha. Kama huwezi, wapo wengi kambini wanaotaka nafasi yako." Unajua, dada, mtu wa kambini anayefanya kazi mjini kwa kibali ukimwambia hivyo umemwambia nini. Akafanya. Alianza na muundi wa kushoto. Aliposikia Swabaha amepiga kelele, alimwaga sufuria yote nje, nta ikagandia kwenye majani. Lakini ngozi ilikuwa imeshatoka pamoja na nta.

Majirani wakaja na dawa zao, mmoja dawa ya meno, mwingine unga. Nashukuru Mwanaisha alimkimbiza zahanati kwanza. Nesi alisema maji safi ya baridi, kitambaa safi, malengelenge yasipasuliwe, na asipakwe kitu chochote cha jikoni. Ndiyo maana amepona vizuri.

Mimi jioni ile nilikuwa dukani kwangu, watu wamejaa wananiuliza, na mdomo wangu ukasema, "Ni huyu mkimbizi na madawa yake." Ilitoka rahisi sana. Mtaa mzima ukaipokea, maana watu walikuwa tayari kuiamini. Akimana akaondoka na kifurushi chake, akarudi Lukole kambini. Na ilipokuja barua yako, niliisoma kwa sauti pale pale dukani, ili waone hata mama wa bibi harusi anasema kama mimi.

Aliyenivunja ni mwanao. Tulipoanza tena kupanga harusi, Swabaha akasema hatamkubali mtu yeyote amguse isipokuwa Akimana. Nikamwuliza, yule aliyekuunguza? Akaniangalia, dada, kwa macho yako kabisa. "Mjomba," akasema, "mimi nilikuwa nyuma ya lile pazia. Nilikusikia. Nimenyamaza kwa sababu nakula kwako. Lakini hina siwekewi, na ndani kama mwali siingii, mpaka useme." Hakupandisha sauti. Akaendelea kuchambua mchele.

Basi nikaenda Lukole. Nilimkuta Akimana amekaa kwenye kibanda chake cha turubai anamsuka mama mmoja, na wengine wanasubiri zamu.

"Karibu bosi," akasema bila kuinuka. "Umekuja kusuka? Nywele zenyewe ziko wapi?"

Wakacheka wote. Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Sauti, bosi. Siku ile dukani mtaa mzima ulikusikia. Leo umemeza nini?"

Nikaisema yote kwa sauti, sukari, nta na uongo. Yule mama aliyekuwa anasukwa akageuza shingo na nywele zake nusu. "Kwa hiyo sukari ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Na huyo binti ni wa dada yako, tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Yoo! Na sisi huku tunagawana kijiko!"

Nilisimama tu na kofia yangu mkononi. Akimana akaniuliza kitu kimoja, ule mguu umekauka au bado unatoa maji. Nikamwambia umekauka. Hapo ndipo alipoacha kusuka. Akasema, "Haya. Umesema kwetu, sisi tulikuwa tunajua. Sasa kaseme kwa wale wasiojua."

Ijumaa iliyofuata baada ya swala nikasema dukani, mahali pale pale. Bi Salha, shangazi yake Haji, alikuwa amekuja kutoka Biharamulo, nami nikamwomba asimame asikilize, maana walishaanza kunong'ona kule kwao kwamba binti ana ugonjwa wa ngozi. Nilipomaliza akanitazama juu mpaka chini. "Hatibu," akasema, "sisi tulidhani unatuozesha mtoto, kumbe unatupikia mshumaa!" Duka likaangua kicheko. Kisha akasema ugonjwa hakuna, Haji anaoa mtu, haoi muundi, na harusi iko pale pale. Tumeiweka mwezi wa kumi. Wateja wawili hawajarudi dukani kwangu tangu siku hiyo, na wana haki yao.

Safari hii, dada, mambo yatafanywa sawasawa, na nimejifunza kila kitu kwa sababu nimelazimishwa kusikiliza. Singo ataacha siku mbili kabla, ngozi ipumzike. Siku yenyewe ataoga maji ya uvuguvugu, asipake mafuta wala marashi, maana mafuta yanafanya sukari iteleze. Asinyoe kwa wembe majuma kadhaa kabla, malaika ziwe na urefu kama punje ya mchele, zikiwa fupi hazishikiki. Sukari na ndimu zitapikwa polepole mpaka ziwe rangi ya asali, na zitangojewa zipoe mpaka mtu aweze kuzifinyanga mkononi bila kuguna. Kidogo kitajaribiwa kwanza ndani ya mkono, na wote tutangoja mpaka kesho yake kuona kama kuna wekundu au muwasho. Nimesema tutangoja. Hata wageni wakiwa mlangoni.

Ngozi itapakwa poda kidogo ili sukari ishike malaika, isishike ngozi. Itavutwa ikaze kwa mkono mmoja, na mwingine utoe kwa haraka, sambamba na mwili, siyo kwenda juu. Mahali penye alama pataachwa kabisa, hapaguswi. Baada ya hapo kitambaa cha maji baridi na utomvu wa mshubiri ule wa bustanini kwa Mwanaisha. Siku hiyo hakuna maji ya moto, hakuna sabuni kali, hakuna jua, hakuna kufukizwa udi karibu na miguu, na avae kanga iliyolegea. Hina ingoje mpaka wekundu uishe. Na baada ya siku chache asuguliwe taratibu kwa kitambaa laini, ili malaika zinazoota zisijikunje ndani zikaleta vipele. Wewe haya unayajua tangu ujana wako, mimi ndiye niliyekuwa sijui na nikajifanya najua.

Ukija, leta mafuta ya nazi ya huko nyumbani, ya huku hayanukii kitu. Na liwa kidogo ya singo kama ipo.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Akimana amekuja. Ameomba kibali, amepewa, na juzi aliteremka hapa na kifurushi chake kile kile. Swabaha alimkumbatia mlangoni mpaka Mwanaisha akalia. Lakini Akimana hataki kumgusa. Anasuka wateja wengine, anakula na sisi, anacheka na mwanao, ila jana Swabaha alipomnyooshea mguu amwangalie ile alama, alirudisha mikono yake mapajani. Akasema, "Mama yako aliandika nifungwe. Mimi nina watoto, na mimi ningeandika hivyo hivyo. Lakini mtoto ambaye mama yake ananiogopa simshiki."

Nikamwambia nitakuandikia, nitakueleza, utanielewa. Akanijibu, "Wewe bosi umeshaeleza sana."

Kwa hiyo dada, hasira zako zote nipe mimi, nazistahili, na ukifika hapa nipige hata kwa kandambili mbele ya watu, sitainua mkono. Lakini kwake yeye naomba uandike kwa mkono wako. Maneno machache yanatosha, anasoma Kiswahili vizuri. Juu ya bahasha uandike jina lake, siyo langu. Mimi nitaichukua posta na kumpa ikiwa imefungwa. Sitaifungua, na sitaisoma dukani. Najua utaandika, maana nakujua. Swabaha naye anajua, ameshaanza kukusanya ndimu.

Nisalimie shemeji, nisalimie Mzee Matano na mkewe, na mama mdogo Mwanakombo umwambie macho yake namwombea. Wapwa zangu wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mungu akufikishe salama huku, na akupe moyo mpana kuliko kosa langu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekukosea na ninayekuomba radhi,

Hatibu