Majina ya Waliozibua Mtaro

Jumatatu jioni

Wakuu gani? Eti redio imetangaza asubuhi kwamba mtaro wa soko umezibuliwa na wakuu! Ni sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tulioingia kwenye tope Jumamosi na majembe yetu, tukachimba mpaka maji yakapita.

Nikapiga simu studio. Mtangazaji akaniambia, "Haya mama, uko hewani." Nikasoma majina yote karibu bila kupumua, hata la Mama Kasyoka, ambaye goti lilimkataza kuinama akatupikia uji. Mtangazaji akajaribu kunikatiza. "Ngoja, bado!" nikamwambia. Wenzangu waliokuwa wakisikiliza kwenye kibanda changu wakapiga vigelegele. Machakos yote imetujua leo.

Mchana mama yangu akapiga simu kutoka Mitaboni. Nikajiandaa kusifiwa.

"Nimesikia majina ya wenzako," akasema. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilijisahau! Nimemweleza mara mbili, anaguna tu. Naogopa kanisa lake lote lilisikiliza. Hata hivyo, nacheka peke yangu tangu hapo.

Gambuti zangu za mpira nilizovaa mtaroni sizioshi. Jumapili nampelekea mama zikiwa na tope lake, ajionee mwenyewe.