Kioo cha Mlangoni mwa Pango

3 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mafua yamekuacha? Mimi mzima, ila usingizi unanipiga chenga.

Nimesikia unawaleta wanafunzi wako mlimani. Karibuni. Msitu upo, na mitambo ya kituo chetu cha kupima mlima nitawaonyesha mwenyewe. Lakini pangoni kwenye michoro ya kale msiingie. Juu ya mlango pana ufa. Tuliubandikia kipande cha kioo, ukingo huu hadi ule, ili mlima ukisogea kivunjike. Kimevunjika. Bosi ameniamuru nibandike kingine na ninyamaze mpaka msimu wa wageni uishe. Nimebandika. Naogopa, na nikisema kibarua kitaota nyasi.

Dada yako

9 Juni

Shikamoo dada,

Mafua yameisha, sasa ni vumbi la chaki linalonikohoza.

Tangu mama afariki umenikataza mto, baiskeli, na yule fundi redio aliyetaka kunioa. Leo pango. Najua, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini miguu yangu yote miwili ninayo. Watoto wamesubiri mwaka mzima. Tunakuja Jumamosi. Kioo nitakitazama mwenyewe. Kikiwa kizima, tunaingia.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zingoje. Kioo utakikuta kizima kwa sababu ni kipya. Kinajua ya siku hizi chache tu, ya nyuma hakiyajui. Usikiamini, nakuomba. Barua hii nampa dereva wa lori la mboga, labda atawahi.

Dada yako

20 Juni

Shikamoo dada,

U hali gani? Umekula? Barua yako niliikuta chini ya mlango tuliporudi.

Kioo kilikuwa kizima kweli, nikawapanga watoto mstari. Ndipo ukaja na nyundo, ukakivunja mbele ya bosi na wageni, ukaketi kizingitini ukasema anayetaka kuingia akuruke. Watoto waliniuliza huyu mama ana nini. Nikajibu simjui. Nilikuonea aibu, dada, hata kukuaga sikukuaga.

Jana redio ilisema mlango wa pango umeporomoka. Hakukuwa na mtu ndani. Leo asubuhi nimeita majina darasani, wote wakaitika, nikalia mbele yao. Nimewaambia wewe ni nani.

Nasikia umefukuzwa kazi. Kitanda chako nimekitandika. Safari hii ni zamu yangu kukukataza: usibaki huko.

Mdogo wako