Mzigo Ulirudi Umefungwa

Kwako Baba Neema, popote ulipo,

Sijui nikusalimie kama mtu aliye safarini au nikuombee kama marehemu, kwa hiyo salamu naziruka. Barua hii siitii kwenye bahasha. Naiacha wazi aisome yeyote, huenda kati ya watakaoisoma yupo aliyekuona.

Pikipiki yako iko sebuleni hapa Butimba, imeegemea ukuta wa upande anaolala Neema. Kila lori likipita, ile keria ya chuma juu ya sanduku la nyuma inatetemeka, ko ko ko, na mtoto ananiambia, "Mama, baba anabisha hodi." Nimekaza nati zote. Nimezikaza mpaka spana imenichubua vidole, na bado inagonga. Naogopa, Baba Neema, sikufichi. Naogopa, na hapohapo nainuka kwenda kufungua mlango.

Unakumbuka siku tuliyoifunga? Kiwanda cha pamba kilikuwa kimewapunguza kazini, mji mzima umegeuka wafanyabiashara, na wewe ukaja na pikipiki kuukuu yenye sanduku la plastiki nyuma, nalo la mtumba, lina ufa pembeni. Ukasema belo la nguo haliwezi kuingia humo, basi tuweke keria juu ya kifuniko. Nikakucheka: "Kofia juu ya kofia!" Ukachoma msumari kwenye mkaa, ukatoboa kifuniko, moshi wa plastiki ukatutoa machozi. Halafu, ili maji yasipenye kwenye matundu, ukachukua ndala yangu ukaikata viduara. Ndala yangu nzima, si mbovu! Nilikusema mpaka majirani wakasikia. Wewe unakata tu, unasema, "Mama Neema, chakula kikilowa nitakula ndala?"

Ulikiinua kifuniko, mimi nikashika nati kwa upande wa ndani, wewe ukazungusha bolti kwa upande wa nje. Kifuniko kilituziba, hatuonani. "Umeipata?" "Nimeipata, kaza." Nilikuwa nausikia mkono wako kupitia chuma.

Mzigo wa kwanza ulipofungwa ndipo tukagundua ujinga wetu. Belo likiwa juu, sanduku halifunguki! Chakula chako kimo ndani, na ukitaka kukila lazima ufungue kamba zote na kushusha mzigo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ukasema basi, utakuwa unakula ukifika. Ikawa ndiyo desturi yako, hujafika mnadani, hujala.

Siku ile ulikwenda mnada wa Magu. Pikipiki ilikutwa mahali barabara inapokaribia ziwa, imesimama kwenye stendi yake, ufunguo upo, viatu vyako vimewekwa juu ya jiwe kando ya maji. Walioikuta waliniletea kama ilivyo, hakuna aliyethubutu kugusa kitu. Mimi ndiye niliyefungua zile kamba, mafundo yako mwenyewe, nikashusha belo, nikainua kifuniko. Viazi vyangu na samaki vilikuwa mle mle nilimoviweka asubuhi. Kumbe hukufika. Nilikaa sakafuni na kile chakula mapajani, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Ndugu zako wanasema ni mamba. Uliinama kunawa uso, basi. Wavuvi walitafuta, hawakupata hata kipande cha shati. Masika mbili zimepita. Sasa mdogo wako amekuja na wazee wa kwenu, wanasema mtu asiyezikwa hatulii wala haachi wenzake watulie. Kwenu mwili usipopatikana huzikwa mgomba. Unakatwa kwa kimo cha mtu, unavishwa sanda, unaliliwa. Na wa kwanza kutupa udongo ni mke. Mke asipotupa, hakuna aliyekufa.

Nilikataa. Nilimwambia mdogo wako siwezi kuwa mjane wa mgomba. Akasema, "Shemeji, asiyejua kufa atazame kaburi." Nikamuuliza, kaburi lipi? Akaanza kulia, lijitu lizima vile. Akaniambia naye huisikia pikipiki yako ikizimwa uani kwake, akitoka hakuna mtu. Nikamhurumia, lakini nikakataa vilevile.

Aliyenishinda ni Neema. Juzi nilimkuta ameweka sahani yake ya ugali juu ya keria. "Baba ale, mimi nimeshiba." Hajashiba! Nikamfunua gauni, nikaona mbavu. Kila asubuhi nilikuwa nawapa kuku chakula ninachokikuta kwenye sahani yake, nikidhani mtoto amebakiza, kumbe kila siku anakuwekea wewe. Lo, Baba Neema, hapo nilikukasirikia. Nilikukasirikia wewe uliye majini, au uliye hai huko ulikojificha, nikakutukana kwa jina la mama yako, Mungu anisamehe.

Basi nimekubali. Leo asubuhi wamenipeleka shambani niwaonyeshe kimo chako. Nilisimama kando ya mgomba, nikanyoosha mkono juu kidogo ya kichwa changu, pale utosi wako ulipokuwa unafika tukisimama pamoja. Nikasema, hapa. Mdogo wako akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia mimi ndiye niliyelala naye. Wakakata.

Sasa nisikilize. Kama uko hai, kama una mke mwingine huko ng'ambo, kama ulituchoka tu, sitakuuliza neno. Njoo bila viatu, njoo bila sababu. Mazishi ni kesho saa nne asubuhi. Lakini ukija saa tano, udongo nitakuwa nimeshautupa, na nikishautupa siuokoti. Utapita mlangoni kwangu kama mgeni mwingine yeyote, na mwanao atakuwa anakula.

Karibu, au kwaheri.

Mkeo mpaka kesho saa nne,
Mama Neema