Walinzi wa kifuani

Jumanne

Sina TB. Nesi kasoma majibu ya makohozi, kasema niko safi. Tangu tumzike mama yake, aliyekufa kwa TB, binti yangu Mwanaidi nimemtengea sahani, nisije nikamuua na yeye.

Nikamuuliza nesi, "Na marehemu mke wangu tulilala kitanda kimoja. Mimi imekuwaje?"

"Mwilini una walinzi, mzee wangu. Mdudu wa TB kavaa koti la mafuta mazito kama nta. Mlinzi akiligusa tu, anajua huyu si mwenzetu, anammeza."

Nikaelewa. Tangu mitumba iwe ruksa nabeba mabelo, marobota ya nguo, sokoni Mchikichini. Hatuyafungui. Tunabonyeza tu, tunajua hili la suruali, hili la mashuka.

"Ila wengine wakimezwa hawafi," akasema. "Wanakaa kimya humohumo ndani ya mlinzi. Ukianza kukohoa tena, rudi."

Hilo linanitisha. Lakini ajabu gani hii! Mimi nakoroma, wao wako kazini, gizani, na hakuna aliyewatuma.

Jioni nimemwita Mwanaidi tule sahani moja. Kanitazama sana. Halafu kanawa.

"Baba, punguza tonge. Na mimi nina njaa."