Programu Inayojiita ya Printa

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria. ~~Kipashe moto kidogo.~~ Kula hivyo hivyo kilivyopoa. Watoto uwachukue shuleni wewe, na wa mwisho usisahau dawa yake ya kikohozi.

Asubuhi kompyuta yangu ilikuwa inajikokota, nikatazama programu zinazofanya kazi chinichini. Moja inajiita ya printa. Humu ndani tuna printa? Nikafuatilia ilipokaa, nikakuta iliwekwa Jumamosi ile niliyolala hospitali nikimuuguza mama yako. Nikampigia fundi wa kazini kwetu. Akasema, "Dada, hiyo si salama. Inapiga picha kila unachoandika na kumtumia mtu." Anwani ya huyo mtu ni yako.

Ungeniuliza tu, ningekujibu.

Kwangu nimeifuta. Kisha nami nikafungua kompyuta yako. Mazungumzo yako na huyo uliyemwandika "Fundi Bomba" usihangaike kuyafuta. Nimeyachapisha yote dukani, hadi yale ya mahaba.

Niko kwa mama yako. Ameshavaa miwani.

~~Mkeo akupendaye~~
Mama watoto