Neno la Siri Nililobadilisha Jana

Kamunyonge, Jumatatu jioni. Mvua imekatika, upepo wa ziwani unaingia dirishani, na mimi sina hamu hata ya kupika.

Nianze na kazi, maana kazi haiumi. Nafunga waifai kwenye nyumba za wageni na shule hapa Musoma. Wateja wengi wanadhani simu ikijiunga inalirusha neno la siri hewani, mtu yeyote alidake. Hapana. Ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, inatuma namba ya kubahatisha, simu inajibu na ya kwake, halafu kila moja inazichanganya kimyakimya na neno inalolijua tayari. Neno likiwa lilelile, zote zinapata ufunguo uleule, na ufunguo wenyewe haujapita popote. Kwa hiyo neno lazima upewe kabla, na mtu.

Mdogo wangu Magesa nilimpa mimi, enzi tukiwa tunaongea.

Nilipoachana na mume wangu wa Bunda, wakwe walidai ng'ombe wao warudi. Ng'ombe haohao ndio Magesa aliowatumia kuolea. Akaona namvunjia nyumba yake ili nipumue mimi, na tangu hapo hapokei simu zangu. Simlaumu sana. Ila namkumbuka mno.

Lakini akija mjini kutoka Buswahili kuuza mahindi, husimama nje ya ua wangu, na simu yake hujiunga yenyewe. Mimi ndani naona jina lake kwenye ukurasa wa ruta, natulia. Hagongi. Na mimi sitoki. Tumeishi hivyo, watu wazima na akili zetu.

Jana nilibadilisha neno la siri. Vijana wa jirani walikuwa wameligawa mtaa mzima, hata video haifunguki. Nikafanya kifundi tu, bila kufikiri.

Leo nimerudi nikakuta ruta inaonyesha simu yake imejaribu, imekataliwa, imejaribu tena. Nikatoka mbio. Hayupo. Mama Nyafuru, anayeuza mkaa pale nje, akaniita pembeni.

"Mdogo wako si anakujaga hapa? Leo nimemwambia agonge. Akasema, acha tu mama, dada amenifungia."

Amenifungia.

Nimekaa kitandani, nimelia vizuri. Nimefikiria kurudisha neno la zamani, lakini atajuaje? Na hata akijua, atasimama palepale nje, nami nitakaa hapahapa ndani. Nimechoka kuwa na ndugu wa nje ya ua.

Kesho asubuhi sina kazi. Nikiwa nayo, itasubiri. Napanda gari la Butiama, niende kwake Buswahili. Neno jipya nitampa kwa mdomo, ana kwa ana. Asiponifungulia, nitakaa mlangoni kwake mpaka mkewe atoke kwenda kuchota maji, nianze na yeye.