Mti Ulionificha

Jumatatu, 3 Machi
Injinia, mtoto wa kaka, ameiboresha wiki ya ukoo, ule ukurasa wetu wa mtandaoni wa majina ya ndugu wote. Kaiboresha! Miaka saba nimeiandika peke yangu. Unaweka nyota, jina, mwaka — umemaliza. Hata mimi fundi cherehani niliweza. Leo nabonyeza Hariri nakuta mabano juu ya mabano, "kama" hivi "basi" vile, utadhani mtu kamwaga kopo la pini. Nimempigia. Ati ni rahisi tu, shangazi, sasa mti unajichora wenyewe. Ujichore! Na mimi nikafanye nini?

Jumatano, 5 Machi
Nimeufungua mti. Baba, mama. Kaka na mkewe, na watoto wao, hata yule mvivu na mwanawe. Mdogo wangu na mumewe. Mimi sipo. Nikavaa miwani. Sipo. Nikapitisha kidole kwenye kioo. Kati ya kaka na mdogo wangu pana mstari mtupu, kama vile sikuzaliwa.
Tarehe za watu sabini na mbili nimezisaka mimi. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi
Injinia kanieleza huku anatafuna, namsikia. Mti ulikuwa mpana, hauenei kwenye simu. Basi kaweka sharti: mtu mzima asiye na mwenzi wala mtoto, anafichwa. Nisichukulie vibaya, ni kanuni tu. Nikauliza, mbona baba mdogo aliyekufa kapera yupo? Aa, huyo marehemu. Marehemu wanaonyeshwa wote, kwa heshima.
Kwa heshima! Nepi zake nilifua mimi, mshenzi huyu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejaribu kuliondoa hilo sharti mwenyewe. Nimefuta bano moja tu — mti mzima ukasambaratika, ukurasa wote maandishi mekundu. Na kila badiliko linatumwa kwenye simu za ukoo mzima! Kwenye kundi wamecheka mpaka basi. Wifi yangu, mke wa kaka, kaandika nirudi kwenye vifungo na zipu zangu. Kaka kaweka kikatuni cha kucheka. Kaka! Niliacha shule ili yeye asome.
Injinia kanifungia nisihariri tena. Kaniachia fomu ya visanduku, ati ya wazee: jina, kuzaliwa, mwenzi, watoto, kufariki. Nijaze tu, mengine itafanya mashine.
Nimelia sana. Kisha nikapiga pasi nguo za wateja. Shati la kaka, aliloleta nimtie vifungo, nimeliunguza kwapani. Makusudi.

Jumapili, 9 Machi
Saa nane mchana. Nimefungua fomu. Mwenzi — sina. Watoto — sina, na siwezi kuzua. Nikaenda kisanduku cha mwisho. Nikaandika tarehe ya leo. Hifadhi.
Nimetokea! Papo hapo, kati ya kaka na mdogo wangu, herufi nene, na kimshumaa pembeni. Nimependeza kweli.
Saa nane na dakika tano. Simu inatetemeka mezani. Kaka. Sipokei. Mdogo wangu. Sipokei. Injinia — huyo ndiye kabisa.
Saa nane na robo. Kaka kaandika kundini kwamba nilikuwa mama yake wa pili. Oo, leo! Jana kikatuni. Chini yake wifi anauliza ufunguo wa nyumba ya marehemu anao nani. Pole hajasema! Mdogo wangu kajibu upo chini ya chungu kimojawapo cha maua, ila cherehani isiguswe, aliahidiwa yeye. Mwongo! Sijamwahidi mtu.
Injinia anauliza nimefia wapi, nani kaiona maiti. Hakuna aliyemjibu. Wanajadili kabati.
Saa tisa kasoro robo. Gari limesimama nje. Wifi analia kwa sauti ya juu, majirani wasikie. Nimekaa kwenye kiti, natazama mlango.
Kanyamaza. Nasikia vyungu vinasogezwa.